Kitabu cha Batini na Mlango Ulio Wazi

Mazungumzo yaliyotolewa katika ukumbi wa hekalu wakati wa maadhimisho



Kamati imeniomba nizungumze juu ya jambo ambalo limekigawa kikundi chetu cha usomaji kwa miezi kadhaa sasa, nalo ni kitabu gani tusome baada ya kumaliza Bhagavad Gita. Elimu yangu ya darasani iliishia sekondari, na maisha yangu yote nimeyapitisha nyuma ya meza ya duka. Basi msitarajie maneno ya pandit. Nitayapima mambo kwa mizani niliyoizoea, ile ya muuzaji anayejua kwamba mteja akidanganywa leo kesho hatarudi.

Wengi wenu mnakijua kikundi hiki. Kilianza na watu wachache waliobaki ukumbini baada ya arti, kila mmoja akiwa na nakala yake ya Gita, mwingine ya Kigujarati, mwingine ya Kihindi, mwingine ya Kiingereza. Tuliwafasiria kwa Kiswahili watoto wetu, kwa kuwa Kiswahili ndiyo lugha wanayoiotea ndoto. Kiswahili hicho ndicho kilichowavuta majirani. Akaja mwalimu mstaafu, akaja mwinjilisti wa Kilutheri, akaja mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi mwenye asili ya pwani. Sura 18 na shloka 700 tulizimaliza pamoja, tukibishana kwa adabu.

Sasa tumefika njia panda, na mapendekezo yapo matatu. Vijana wetu wanataka The Secret Doctrine, kitabu cha Helena Blavatsky kilichotoka mwaka 1888. Ndugu yetu wa pwani anapendekeza Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate. Mama mmoja wa hekalu letu, ambaye kwa kawaida husikiliza zaidi ya kusema, amependekeza Katha Upanishad. Vyote vitatu ni vitabu vya batini. Nami nasimama hapa kumuunga mkono mama huyu, na kueleza kwa nini.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Wataalamu hutenganisha elimu ya dhahiri, inayoonekana na kila mtu, na elimu ya batini, iliyo ndani. Lakini siri zipo za namna mbili. Ipo siri inayofichwa na watu, kama vile bei ya kununulia bidhaa, ambayo ukiambiwa leo umekwisha kuijua. Ipo pia siri inayofichwa na kina chake, ambayo hata ikitangazwa sokoni haijulikani mpaka mtu aiingie mwenyewe. Wahenga waliposema siri ya mtungi aijuaye kata, naamini walikusudia hii ya pili. Kata haikunong'onezwa na mtu. Imezama ndani ya maji, ndiyo maana inajua. Kitabu cha batini chenye thamani ni kile kinachotuzamisha. Kile kinachotuahidi kutupa funguo ambazo wenzetu hawana, tukitilie shaka.

Tofauti hii ingekuwa ya kitaaluma tu laiti tungekuwa tunaishi mji mwingine. Sisi tunaishi mkoa wa Njombe. Mwanzoni mwa mwaka 2019 mkoa huu ulitikiswa na mauaji ya watoto wadogo, mauaji yaliyohusishwa na imani za kishirikina na tamaa ya utajiri. Mnakumbuka jinsi wazazi walivyowasindikiza watoto shuleni na kuwafuata jioni. Mnakumbuka jinsi kila mwenye gari zuri na duka lililojaa alivyotazamwa mara mbili. Katika mji uliopita katika msiba wa namna ile, watu wenye mali wanaojifungia chumbani usiku na kusoma kitabu chenye neno "siri" juu ya jalada lake hawawezi kushangaa jirani akiuliza wanafanya nini humo. Na jirani huyo hatakuwa mjinga wala mbaya. Atakuwa mzazi.

Kwa sababu hiyo nimeweka vipimo vitatu, navyo ningependa kila kitabu kipite juu yake kabla hatujakichagua. Kipimo cha kwanza: je, kinaweza kusomwa kwa sauti, mlango ukiwa wazi, mpita njia akasikia sentensi yoyote na kukaribishwa aketi? Cha pili: kinamwahidi msomaji nini, na kinamdai nini? Cha tatu: je, tutakimaliza sote, yule aliyesoma chuo kikuu na yule anayesoma kwa kufuatisha kidole?

Nianze na kitabu cha vijana, na nikitendee haki. Blavatsky, pamoja na Henry Steel Olcott na wenzao, walianzisha Jumuiya ya Teosofi mjini New York mwaka 1875, na baadaye makao yake makuu yakahamia Adyar, karibu na Madras. Jumuiya hiyo ilifundisha udugu wa wanadamu bila ubaguzi wa rangi wala dini, katika zama ambapo maneno hayo yalikuwa machache sana. Iliwaambia Wahindi kwamba vitabu vyao vina thamani, wakati watawala waliwaambia kinyume. Ilipata wafuasi hata huku kwetu, katika miji kama Nairobi na Dar es Salaam, na miongoni mwao walikuwamo wafanyabiashara na mawakili wenye asili ya Gujarat. Kwa hiyo vijana hawakuokota kitu cha kigeni. Ni sehemu ya historia ya jamii yetu Afrika Mashariki.

Hata hivyo, tukipime. The Secret Doctrine ni juzuu mbili zenye kurasa zaidi ya elfu moja, juu ya kuumbwa kwa ulimwengu na mizunguko ya mataifa ya kale. Mwandishi anajengea juu ya kitabu kiitwacho Stanza za Dzyan, anachosema kuwa ni cha kale mno, ambacho wataalamu hawajapata kuliona andiko lake la asili. Msomaji anaombwa aamini kwanza, athibitishe baadaye. Katika duka langu hiyo huitwa mali kwa mkopo bila daftari, na mnajua wahenga walivyomaliza: mali bila daftari hupotea bila habari. Msomaji mmoja mwenye subira anaweza kufaidika nacho nyumbani kwake. Kwa kikundi cha watu mchanganyiko, naona kitatuchosha kabla ya kutufundisha.

Vijana wakiuliza ni nani amewahi kuchagua hivyo, nitawatajia kijana mwenzao wa Porbandar. Mwishoni mwa mwaka wake wa pili wa masomo ya sheria mjini London, Mohandas Gandhi alikutana na watu wawili wa Jumuiya ya Teosofi waliokuwa wakiisoma Gita katika tafsiri ya Kiingereza ya Edwin Arnold. Walimwomba asome nao. Ameandika katika kitabu cha maisha yake kwamba aliona haya, kwani alikuwa hajaisoma Gita kwa Kisanskriti wala kwa Kigujarati. Akasoma nao. Walimpeleka kwa Blavatsky, akakisoma kitabu chake kifupi kiitwacho The Key to Theosophy, na kikamwamsha ajifunze dini yake mwenyewe. Lakini alipoombwa ajiunge na Jumuiya alikataa kwa adabu.

Mwaka 1893, akielekea Afrika Kusini, meli yake ilipita Lamu, Mombasa na Zanzibar. Miaka kumi baadaye, mjini Johannesburg, alikaa tena na marafiki wa Teosofi katika kikundi kidogo cha usomaji, kitabu kikiwa ni ileile Gita. Aliandika shloka kwenye karatasi na kuzibandika ukutani, akazihifadhi asubuhi alipokuwa akipiga mswaki. Katika kikundi kile palikuwa na watu walioyajua mafumbo mengi kuliko yeye, lakini kitabu kilichobadilisha maisha yake kilikuwa kile kilichomwuliza kila asubuhi: leo utafanya nini na mali, na hasira, na kazi yako?

Vijana, niongeze jambo moja la haki. Jumuiya hiyo ya Teosofi ndiyo iliyomlea Jiddu Krishnamurti tangu utoto wake ikitarajia kwamba atakuwa mwalimu wa ulimwengu. Mwezi Agosti 1929, huko Ommen nchini Uholanzi, mbele ya maelfu ya wafuasi, yeye mwenyewe alilivunja shirika lililoundwa kwa ajili yake, akisema ukweli haufikiwi kwa njia ya shirika lolote. Hivyo hata mtoto wa nyumba ile ya siri alimaliza kwa kufungua mlango.

Sasa nije kwenye Al-Inkishafi. Jina lenyewe linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kufunuka. Mtunzi anauambia moyo wake uamke, anauonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa na taa, mazulia na vyombo vya kaure, na jinsi yalivyobaki magofu wakaapo popo na ndege. Ni kitabu cha batini kilichotungwa kwa Kiswahili, na hakihitaji mfasiri, ingawa Kiswahili chake cha kale kinahitaji mwalimu. Katika vipimo vyangu vyote kinapita, na nakubali kwamba kingekuwa cha kwanza kama ndugu yetu wa pwani asingetuambia mwenyewe kwamba angependa apewe muda wa kuandaa maelezo ya maneno magumu. Basi tumpe muda huo. Pendekezo langu ni kwamba Al-Inkishafi kifuate mara baada ya hiki ninachokitetea, na azimio hilo liandikwe kwenye daftari la kikundi leo, lisiachwe kwenye midomo.

Ninachokitetea ni Katha Upanishad. Neno upanishad huelezwa na walimu wetu kuwa ni kuketi karibu, mwanafunzi chini ya mwalimu. Ni baraza, kwa maneno mengine. Kitabu hiki kimo katika Yajurveda, na ni kifupi: sehemu sita tu, mafungu mia moja na ushei. Yule anayefuatisha kidole atakimaliza.

Kisa chake ni hiki. Baba mmoja, Vajashravasa, anatoa sadaka ya mali yake yote ili apate thawabu. Mwanawe Nachiketa, bado mdogo, anatazama ng'ombe wanaotolewa. Ni ng'ombe waliozeeka, waliokwisha kunywa maji yao ya mwisho, wasio na maziwa wala ndama tena. Ndugu wafanyabiashara, mnaelewa. Ni bidhaa iliyokwisha muda wake, inayopelekwa hekaluni au kanisani na kupigiwa picha. Mtoto anaona aibu kwa niaba ya baba yake, anamwuliza: mimi nami utanitoa kwa nani? Anauliza mara ya pili na ya tatu, hata baba anakasirika na kumjibu kwamba atamtoa kwa Mauti.

Nachiketa anakwenda. Anafika nyumbani kwa Yama, mfalme wa mauti, anakuta hayupo, anangoja mlangoni siku tatu bila chakula. Yama aliporudi alitambua kwamba mgeni amelala njaa mlangoni pake, na hilo ni deni. Anamlipa kwa haki tatu. Mtoto anaomba kwanza kwamba baba yake apoe hasira na ampokee tena. La pili anaomba elimu ya moto wa ibada. La tatu anauliza kinachobaki mtu anapokufa.

Hapo Mauti anajaribu kulikwepa swali. Anamwambia achague badala yake wana na wajukuu wa kuishi miaka mia, ng'ombe, tembo, farasi, dhahabu, ardhi, ngoma na magari ya fahari, na umri mrefu kadiri atakavyo. Mtoto anakataa vyote. Anajibu kwamba vitu hivyo ni vya leo na kesho, vinachosha mwili, na hakuna mtu aliyewahi kushibishwa na mali. Anashikilia swali lake. Ndipo Yama anamfundisha kwamba kuna jambo jema na kuna jambo tamu, shreya na preya, na yote mawili humjia mtu kila siku akayachague. Sisi wa sokoni tunajua, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kisha anamfundisha mfano wa gari la farasi. Mwili ni gari, nafsi ni abiria, busara ni dereva, fikra ni hatamu, na milango mitano ya fahamu ni farasi. Madereva wetu wa malori waliopo hapa hawahitaji ufafanuzi. Lori lenye shehena likiteremka Kitonga, nguvu ya injini si jambo la kujivunia. Kinachomfikisha abiria salama ni dereva aliye macho.

Jirani mmoja, mama mzazi, aliniuliza swali zito alipolisikia pendekezo hili. Aliniuliza: katika mkoa huu, baada ya yale yaliyotupata, mtasomaje hadharani kisa cha baba anayemtoa mwanawe kwa Mauti? Nimelifikiria swali hilo kwa siku nyingi, na sitaki kulijibu kwa wepesi. Nimeona kwamba kitabu hiki kimeandikwa kana kwamba kinalijibu. Humo aliyemtoa mtoto kwa ajili ya faida yake ndiye mwenye aibu. Humo Mauti mwenyewe anamwomba radhi mtoto kwa kumwacha na njaa. Humo mtoto anarudi hai kwa baba yake, na ndilo ombi lake la kwanza. Na utajiri wa haraka unapowekwa mezani, mtoto ndiye anayeukataa mbele ya macho ya watu wazima. Wale wanaonong'ona kwamba mali inapatikana kwa uhai wa mwingine wanapaswa kukisikia kisa hiki kutoka kwetu sisi wenye maduka, kwa sauti, tena kwa Kiswahili. Tukikaa kimya tunawaachia wao neno "batini" walitumie wapendavyo. Hata hivyo, mama yule akisema jeraha lake bado halijapona, basi tumsikilize kabla ya kupiga kura, na sehemu ya kwanza isomwe yeye akiwapo au isisomwe kwanza.

Labda wapo wanaodhani kwamba hiki ni kitabu cha Wahindu peke yao. Historia yake inasema vingine. Mwaka 1657 Dara Shikoh, mwana mkubwa wa Shah Jahan aliyejenga Taj Mahal, Mwislamu wa njia ya Kisufi, aliketi na mapandit na kufasiri Upanishad hamsini kwa Kiajemi. Akakiita kitabu chake Sirr-i Akbar, yaani Siri Kubwa, kisha akakitoa watu wakisome. Miaka miwili baadaye aliuawa kwa amri ya ndugu yake Aurangzeb katika ugomvi wa kiti cha enzi. Tafsiri yake ilibaki. Mfaransa Anquetil-Duperron aliifasiri kwa Kilatini na kuichapisha mwaka 1801 na 1802, na kwa njia hiyo ikawafikia Wazungu kama mwanafalsafa Mjerumani Arthur Schopenhauer, aliyeithamini mno. Kwa hiyo kabla Ulaya haijazisoma Upanishad zetu, Mwislamu alizibeba na Mkristo akazipokea. Mwinjilisti wetu na ndugu yetu wa pwani wakiketi nasi watakuwa wanaendeleza kazi ya zamani.

Namalizia na mambo ya utekelezaji, maana shauri lisilo na ratiba ni mazungumzo ya kijiweni. Sehemu ni sita, hivyo napendekeza mikutano sita, mmoja kila mwezi, tatu Makambako na tatu Njombe, ili wale wa huku na wa kule wote waonje baridi ya mwenzake. Barabara ni ya saa moja hivi. Wenye magari wawachukue wasio nayo. Nakala za bei nafuu za Kigujarati, Kihindi na Kiingereza hupatikana kutoka Gita Press ya Gorakhpur, ambayo tangu 1923 imekuwa ikichapa vitabu vitakatifu kwa bei ambayo hata mchuuzi anaimudu. Kila mkutano mtu mmoja atasoma, mwingine atafasiri kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi, na jirani wa dini nyingine atauliza swali la kwanza. Vijana waliotaka The Secret Doctrine wapewe kazi ya kufasiri, kwani wao ndio wenye Kiswahili fasaha kuliko sisi wazee, na kazi hiyo itawazamisha kuliko kusikiliza. Mlango wa ukumbi ubaki wazi, hata kama upepo wa Juni utatulazimisha kuvaa makoti mawili.

Kura itapigwa Jumapili ijayo baada ya arti. Majirani waliosoma nasi Gita mpaka mwisho nao wana kura, sawasawa na mwanachama wa hekalu. Kikundi kikiamua kingine nitakisoma hicho kwa moyo mmoja na kuja na nakala yangu, kwani penye wengi hapaharibiki neno. Ninachowaomba ni kwamba kitabu tutakachokichagua, chochote kile, tuweze kumweleza mtoto wa jirani kimo nini ndani yake, naye akaenda kumweleza mama yake bila kuogopa.

 Mungu alibariki hekalu letu, Njombe, na Makambako. Om shanti.